Uvimbe Ukinyimwa Damu

Mabibi na mabwana, nashukuru kwa nafasi hii. Nimeombwa nizungumzie utafiti wa maabara kuhusu kupunguza kasi ya uvimbe wa saratani. Mada ni pana, kwa hiyo nitafuata njia moja tu, ile ya kuunyima uvimbe damu. Nimeichagua kwa sababu inaonyesha vizuri umbali uliopo kati ya panya wa maabara na mgonjwa.

Tuanze na sungura. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, daktari kijana wa upasuaji aitwaye Judah Folkman alikuwa katika maabara ya jeshi la majini la Marekani huko Bethesda. Kazi aliyopewa haikuhusu saratani hata kidogo. Jeshi lilitaka kitu cha kushika nafasi ya damu kwenye meli zinazokaa baharini muda mrefu. Folkman na mwenzake Frederick Becker walikuwa wakitoa tezi ya thairoidi ya sungura, wanaiweka ndani ya chombo cha kioo, kisha wanapitisha mmumunyo wa hemoglobini, ile protini ya damu inayobeba oksijeni, kwenye mishipa yake waone kama itaishi. Iliishi. Wakajiuliza kama tezi hiyo inaweza kulea kitu kinachokua, wakapandikiza humo seli za saratani ya panya.

Vivimbe vilikua hadi milimita 1 au 2, vikasimama. Mtu mwingine angesema seli zimekufa, akafunga daftari. Lakini hazikuwa zimekufa! Zilipohamishiwa kwenye panya hai, zilikua kwa kasi ya ajabu. Tofauti ni kwamba ndani ya panya mishipa mipya ya damu ilichipua na kuingia kwenye uvimbe, na ndani ya kioo haikuchipua.

Sababu yake ni rahisi kuelewa. Oksijeni ikitoka kwenye kapilari, yaani mishipa midogo kabisa ya damu, huishia karibu sana, sehemu ya kumi ya milimita au zaidi kidogo. Seli iliyo mbali na hapo hukosa hewa. Mwaka 1971 Folkman aliandika katika jarida la New England Journal of Medicine kwamba uvimbe hutoa kemikali inayoita mishipa, na kwamba kemikali hiyo ikizuiwa uvimbe utabaki mdogo. Wengi walimpuuza. Kundi lake likajibu kwa jicho la sungura, ambalo lina faida moja kubwa: unaona yote yanayotokea ndani bila kumpasua mnyama. Kipande cha uvimbe kikielea kwenye maji ya mbele ya jicho, mbali na mishipa, kinabaki kidogo. Kikigusa ile sehemu ya rangi inayozunguka mboni, mishipa inakifuata na kinakua maelfu ya mara. Kwangu mimi hilo ni mojawapo ya majaribio safi kabisa katika fani hii.

Kemikali yenyewe ilichukua muda kupatikana. Mwaka 1989 Napoleone Ferrara na wenzake wa kampuni ya Genentech waliitambua protini iitwayo VEGF, na mwaka 1993 wakaonyesha kwamba kingamwili, protini inayoishika na kuizuia, hupunguza kasi ya uvimbe wa binadamu uliopandikizwa kwa panya.

Hapa nisimame kidogo. Mkisoma kwamba dawa fulani “imepunguza kasi ya uvimbe”, mara nyingi maana yake ni hii: panya asiye na kinga kamili amepandikizwa seli chini ya ngozi, uvimbe ukapimwa kwa kalipa, kifaa cha kupimia upana, kila baada ya siku chache, na mchoro wa waliopewa dawa ukapanda polepole kuliko wa wasiopewa. Ni ushahidi halali. Lakini uvimbe ule una umri wa wiki. Uvimbe wa sentimita 1 ndani ya mtu una seli zinazokaribia bilioni 1, nao huenda umejijenga kwa miaka, seli zake zikiwa zimeshatofautiana.

Ndiyo maana mwaka 1998, magazeti ya Marekani yalipotangaza kwa kishindo habari za endostatini, protini iliyonyausha uvimbe wa panya katika maabara ya Folkman, matumaini yalipanda kupita kiasi. Kwa wagonjwa waliojaribiwa baadaye haikuleta matokeo yaliyotarajiwa.

Kingamwili ya VEGF, bevasizumabu, ilifika mbali zaidi. Katika utafiti uliochapishwa 2004 kuhusu saratani ya utumbo mpana iliyosambaa, waliopewa tibakemikali pekee, yaani dawa za kuua seli za saratani, waliishi miezi 15.6 kwa wastani wa kati; walioongezewa bevasizumabu, miezi 20.3. Aliyengoja muujiza ataona ni kidogo. Mimi sioni hivyo.

Ila kwa saratani ya matiti mambo yaligeuka. Marekani iliiruhusu dawa hiyo 2008 kwa sababu ilichelewesha uvimbe kukua, kisha ikaondoa ruhusa Novemba 2011: wagonjwa hawakuonekana kuishi zaidi, na madhara yalikuwa makubwa. Uvimbe ulichelewa, maisha hayakurefuka. Mtafiti anayeonyesha mchoro wa panya aulizwe juu ya hilo kwanza.

Kwa nini hutokea hivyo? Uvimbe ukizibiwa VEGF hutumia protini nyingine kuita mishipa. Halafu mishipa ya uvimbe ni mibovu tangu mwanzo, imepinda na kuvuja kama mabomba yaliyofungwa na fundi mlevi. Mwaka 2001 mtafiti Rakesh Jain alipendekeza kwamba dawa hizi, zikitolewa kwa kipimo cha kadiri, huinyoosha mishipa hiyo kwa muda, na dawa nyingine zikapenya vizuri zaidi. VEGF pia huzizuia seli za kinga zisifanye kazi. Mwaka 2020 bevasizumabu pamoja na atezolizumabu, dawa ya kuamsha kinga, iliruhusiwa Marekani kwa saratani ya ini, baada ya wagonjwa kuishi muda mrefu kuliko waliotumia sorafenibu, dawa nyingine ya saratani hiyo. Kinachosumbua maabara sasa ni ratiba: dawa ipi itangulie, kwa kipimo gani, na mishipa ikishanyooka itabaki hivyo siku ngapi.

Nikomee hapo. Karibuni kwa maswali.