Historia ya Falsafa Isomwe kwa Miguu

Ndugu wanafunzi, walimu wenzangu na wageni waalikwa,

Jambo hili nimelisema katika kumbi nyingi na nitalirudia hapa Dodoma, kwa sababu mitaala yetu bado haijalisikia: historia ya falsafa haieleweki kwa vitabu peke yake. Hoja ya mwanafalsafa ni jibu, na swali lake mara nyingi limebaki mahali alipoishi.

Mchukueni Thales wa Miletus, mwanafalsafa Mgiriki wa kale. Kila mwaka ninapofundisha kwamba kwake asili ya vitu vyote ni maji, darasa hucheka, nami siwalaumu wanaocheka. Mtu aliyekulia Ugogo anaujua mto kuwa mchanga mkavu kwa miezi mingi ya mwaka, na maji kuwa kitu cha kuchimbuliwa kwa jasho chini ya mchanga huo. Atakubalije kwamba mchanga ulitokana na maji? Mimi mwenyewe sikukubali mpaka nilipofika Miletus, magharibi mwa Uturuki, nikapanda ngazi za ukumbi wa kale wa maonyesho nikiitafuta bahari. Sikuiona. Mji uliosifika kwa bandari zake sasa umezungukwa na mashamba, na pwani iko kilomita kadhaa, kwa kuwa mto Maeander umeshusha tope karne baada ya karne mpaka ghuba ikageuka nchi kavu. Sidai kwamba hilo ndilo lililompa Thales wazo lake; Aristotle, mwanafalsafa mwingine Mgiriki aliyeandika zaidi ya miaka 200 baadaye, alikisia kuwa sababu ilikuwa unyevu wa chakula na wa mbegu. Ninachodai ni kwamba pale juu nilikoma kucheka, nikaanza kuuliza.

Yupo atakayesema: mbona Kant, yule mwanafalsafa mkubwa Mjerumani, hakusafiri? Ni kweli, hakuwahi kutoka Prussia ya Mashariki. Lakini aliishi Königsberg, ambao leo ni Kaliningrad nchini Urusi, mji wa biashara ya baharini, na yeye mwenyewe aliandika kwamba mji wa namna hiyo unamfaa mtu anayetaka kuwajua wanadamu na dunia hata asiposafiri. Tena alifundisha jiografia kwa takriban miaka 40. Anayemtumia Kant kutetea uvivu wa kujifungia darasani hajamsoma.

Wengine watataja nauli. Hilo linanikera zaidi, maana Kolo iko hapo Kondoa, na michoro yake ya miambani, iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, imo katika mapango ambayo baadhi yake wenyeji bado huyaendea kwa matambiko. Nimekutana na wahitimu wa falsafa wa mkoa huu huu ambao hawajawahi kufika. Mzee anayetambika mbele ya mwamba uliochorwa na watu asiowajua ana fikra zake kuhusu sababu ya mambo, na kuhusu walio hai na waliokufa. Mwendeeni, mkamsikilize kabla ya kumwandika.

Nilitaka kuwazungumzia kwa urefu wanafalsafa wengine wawili: Ibn Rushd wa Cordoba, Hispania, aliyefia Marrakesh mwaka 1198, na Augustine wa Hippo, ambayo leo ni Annaba nchini Algeria, lakini muda umeniishia. Orodha ya watakaokwenda Kolo iko mezani, pale mlangoni. Andikeni majina.