Gari linapozima lenyewe, pima kabla halijawaka tena

Ndugu mafundi, na ninyi wenye magari mliokuja kusikiliza, karibuni.

Leo tuzungumzie ugonjwa unaogombanisha mafundi na wateja kuliko mwingine wowote. Gari la zamani linazima barabarani bila taarifa. Unakaa kando nusu saa, unapiga stata, linawaka kana kwamba hakuna lililotokea. Ukilifikisha gereji, halizimi ng'o. Basi kazi ya kubahatisha inaanza: leo koili inayozalisha umeme wa cheche, kesho pampu ya mafuta, wiki ijayo distribyuta ya mtumba, ile inayogawa cheche kwenye plagi. Pesa ya mtu imekwisha na gari bado linazima. Jambo hili linaniuma, kwa sababu mara nyingi kifaa kilichong'olewa kilikuwa kizima kabisa.

Ninalowaomba ni moja. Hitilafu inayokuja na kuondoka hupimwa wakati ipo. Gari likishawaka, ushahidi umeondoka nayo. Kwa hiyo testa ya kupimia umeme, plagi moja nzima na kipande cha waya vikae ndani ya gari lenyewe, visibaki gereji.

Likizima mkiwa kwenye mwendo, usalama kwanza. Usichomoe ufunguo, usukani utajifunga. Breki ina nguvu ya kukanyaga mara moja au mbili tu kabla haijawa ngumu, kwa hiyo ikanyage mara moja na uishikilie.

Wakati gari bado linabingirika, tupia jicho dashibodi. Kwenye gari la gia za mkono, ukiwa hujakanyaga klachi, magurudumu bado yanaizungusha injini. Ikiwa mshale wa mizunguko ya injini umedondoka sifuri papo hapo, shuku upande wa moto, yaani umeme wa cheche: swichi ya ufunguo, ignaita (kifaa kinachowasha na kukata umeme wa koili), koili, sensa ya mzunguko wa injini. Ikiwa mshale umeshuka taratibu pamoja na mwendo, na gari lilikohoa kabla ya kufa, anza na mafuta. Taa zote zikipotea pamoja na redio, acha injini kwanza; nenda kwenye vichwa vya betri, fyuzi kuu na swichi ya ufunguo.

Mkishasimama, mwenzako apige stata huku plagi ya akiba ikiwa imechomekwa kwenye waya wa plagi na imegusa chuma cha injini, mbali na mafuta. Cheche ipo au haipo? Jibu hilo pekee linapunguza nusu ya kazi. Wengi husikiliza pampu ya mafuta kwa kuwasha ufunguo tu, nayo ni njia nzuri, ila Toyota nyingi za miaka ya 1990 hazianzishi pampu mpaka injini izunguke. Ukimya wake hapo hauthibitishi kitu. Wangapi wamebadilishiwa pampu kwa sababu hiyo!

Toyota hizo zina kisanduku cha uchunguzi ndani ya boneti, na majina ya matundu yameandikwa kwenye kifuniko. Unganisha TE1 na E1 kwa waya, washa ufunguo, hesabu mimweko ya taa ya injini. Ikimweka sawasawa bila kupumzika, kompyuta haijaona kosa. Ikimweka mara 1, ikatulia, kisha mara 4, hiyo ni namba 14: kompyuta imeagiza cheche na haikupata jibu la ignaita. Tafadhalini, msichomoe betri kabla ya kusoma. Kumbukumbu inafutika, na mmefuta kile mlichokuwa mnakitafuta.

Ignaita na koili zilizochoka hupenda kufa zikipata joto na kufufuka zikipoa. Kama gari linazima kwenye foleni adhuhuri na asubuhi halina neno, pasha kifaa kimoja kimoja kwa mashine ya kukaushia nywele injini ikiwa inanguruma. Kifaa kibovu kitajitaja.

Sasa nije kwenye nyaya, ambako ndiko ninakoona makosa mengi. Fundi anapima waya kwa omu, yaani kipimo cha ukinzani wa umeme, testa inasoma karibu na sifuri, anasema waya mzima. Lakini waya uliobakiwa na uzi mmoja wa shaba nao husoma hivyo hivyo, kwa sababu testa inapitisha umeme kidogo mno. Chukua pampu inayokula ampea 5. Ukinzani wa nusu omu tu kwenye kiungo kilichoota kutu unakula volti 2.5. Betri ina 12, pampu inapata 9.5. Hapo inahema, na gari likiruka shimo kiungo kinaachia.

Pima kwa volti, mzigo ukiwa unafanya kazi. Ncha moja kwenye chanya ya betri, nyingine kwenye waya wa chanya pale pampu. Kisha hasi ya betri na ethi ya pampu, yaani waya wake wa hasi unaofungwa kwenye bodi. Upande wa chanya usizidi nusu volti, na ethi ikifika 0.2 nenda kaikague. Kwa magari ya Tanga, Mombasa na Unguja, mimi huanza na ethi bila kufikiri mara mbili. Chumvi ya bahari inaingia chini ya bolti na kuacha ukijani ambao hauonekani mpaka ufungue.

Na kabla ya yote hayo, inameni chini ya usukani mtafute alamu ya kuzuia wizi. Aliyeifunga alikata waya mnene wa swichi ya ufunguo, akaupitisha kwenye rilei ndogo (swichi inayoendeshwa na umeme), akasokota kwa mkono na kuzungushia tepu. Miaka inapita, gundi ya tepu inayeyuka, msokoto unalegea. Ukiutikisa injini ikazima, umefika. Ondoa rilei ile, rudisha waya kama ulivyokuwa kwa kusolda, uvike mpira wa kusinyaa, kisha rudia kipimo cha volti huku taa kubwa na feni vikiwa vimewashwa. Kikisoma vizuri, mpigie simu mwenye gari aje achukue.