Mchi, Kinu na Kioo cha Simu

Haya, naona viti vya nyuma bado vinajaa, lakini tuanze, maana nimeambiwa jenereta ya hapa ina mafuta ya saa moja na nusu tu. Shikamooni wakubwa zangu. Vijana, mambo? Na mafundi wa Kariakoo mliofunga vibanda mapema mje kunisikiliza, karibuni sana. Nikiteleza mnisahihishe hapahapa, msingoje nje.

Nimeombwa nizungumzie swali ambalo kila fundi humu ameshaulizwa: nikihama kutoka Android kwenda iPhone, simu italainika? Wengine wanauliza kinyume chake. Mimi ninaandika programu za simu, ndiyo riziki yangu, na nimehama mara mbili. Mara zote mbili nilijidanganya, kila safari kwa namna yake.

Safari ya kwanza nilikuwa na Android ambayo kampuni yake sitaitaja. Mwaka wa pili ikaanza kuganda. Napigiwa, inaita, kioo cheusi tii. Kitufe cha kijani kinapojitokeza, mtu ameshakata. Mama mkwe aliamini namkwepa, na mpaka leo sina hakika kama amenisamehe. Basi mjomba wangu anayeishi Muscat akaja likizo, akaniachia iPhone 11 yake. Kuishika, kuperuzi picha, inateleza kama sabuni kwenye sakafu yenye maji. Nikawatangazia ofisini: Android, kwaheri ya kuonana.

Baada ya mwaka na kitu ofisi ikanipa Android ya kufanyia majaribio, yenye kioo cha Hz 120, yaani kinachojichora upya mara 120 kwa sekunde. Wiki mbili tu. Niliporudi kwenye ile ya mjomba nikaiona nzito! Simu ileile. Haikuwa imeharibika hata kidogo, ni macho yangu yaliyokuwa yamezoea kingine. Ndipo nikaanza kujiuliza hicho tunachokiita ulaini ni kitu gani hasa.

Waliokulia kijijini wameona wanawake wawili wakitwanga kinu kimoja. Mchi wa huyu ukipanda, wa yule unashuka. Wala hawatazamani, wanafuata mdundo. Sasa mtoto akimvuta mmoja kanga, akachelewa kidogo tu, hata aliyeko nyuma ya nyumba atajua kuna jambo. Unga unaweza kuwa tayari kwa muda uleule, ila sikio limeshasikia pengo.

Kioo cha simu ni mchi usiongoja mtu. Kile cha kawaida, cha Hz 60, kinajichora upya mara 60 kwa sekunde. Maana yake programu ina takriban milisekunde 16.7 za kuandaa kila picha, na milisekunde ni sekunde moja ukiikata vipande elfu. Picha mpya ikiwa tayari, inaonyeshwa. Ikiwa haiko tayari, kioo kinarudia ya zamani. Hapa ndipo watu wengi hukosea hesabu. Programu ikitumia milisekunde 17 au 18, usidhani imechelewa kwa moja au mbili. Imekosa zamu nzima! Picha ya zamani imekaa milisekunde 33, na jicho lako limekwazika bila wewe kujua limekwazwa na nini.

Kwa kioo cha Hz 120 muda huo unashuka hadi milisekunde 8.3. Ndiyo maana nawaonya mnaonunua simu ya bei nafuu kwa kuvutiwa na namba 120 kwenye boksi. Prosesa, ubongo wa simu, ni ileile dhaifu, halafu umeikatia muda wa kazi nusu. Mara nyingi utapata simu inayoteleza vizuri kwenye menyu na kukwamakwama ndani ya programu nzito, na kule kubadilikabadilika kunaudhi kuliko simu ya Hz 60 inayokwenda sawasawa.

Tuone kwa macho. Mwenzangu hapa amerekodi simu mbili kwa video ya mwendo wa polepole, picha 240 kwa sekunde. Zote mbili ni za Hz 60, kwa hiyo kila picha ya simu inapaswa kukaa kwenye picha nne za video. Hesabuni nami, tunasogeza orodha ya majina. Moja, mbili, tatu, nne, imesogea. Moja, mbili, tatu, nne, imesogea. Moja, mbili, tatu, nne... tano... sita, saba, nane. Mmeona jina "Fundi Bomba" lilivyong'ang'ania palepale? Hiyo ndiyo zamu iliyokosekana. Mkifika nyumbani jaribuni wenyewe. Haihitaji maabara, ila mpate simu ya tatu ya kurekodia, na subira.

Sasa kwa nini iPhone ilijijengea jina la ulaini? Sehemu ni historia. iPhone ilitoka mwaka 2007, na tangu siku ya kwanza kuchora kioo kulikabidhiwa chipu ya michoro. Kazi ya kusogeza madirisha inafanywa na sehemu ya mfumo iliyo nje ya programu yenyewe, kwa hiyo hata programu ikishikwa na shughuli zake, dirisha linaendelea kufunguka bila kushtuka. Simu ya kwanza ya Android ikaja mwaka 2008, na kwa miaka kadhaa sehemu kubwa ya kuchora ndani ya programu ilibebwa na prosesa kuu, ambayo papo hapo inasoma mtandao, inafungua mafaili, na inafagia.

Naam, inafagia. Programu za Android zimeandikwa kwa namna ambayo mfumo wenyewe hukusanya takataka za kumbukumbu, yaani vitu ambavyo programu haivihitaji tena. Zamani mfagiaji akiingia uwanjani, ngoma inasimama. Akimaliza, inaendelea. Angeweza kukaa milisekunde makumi, yaani zamu mbili tatu za kioo zimepotea, na hutokea katikati ya kuperuzi kwa sababu ndipo takataka zinapozaliwa. Kwenye iPhone kila programu ni mpishi anayeosha sufuria yake akishapika, kidogokidogo, hakuna siku ya usafi wa jumla.

Google, wenye Android, waliliona hilo. Mwaka 2012, kwenye Android 4.1, walileta mradi waliouita Project Butter, siagi, kwa sababu ya kuteleza. Kila kitu kikafungwa kwenye mdundo wa kioo, na kidole kikigusa tu, prosesa inaamshwa ikimbie. Mwaka 2014, Android 5.0 ikabadilisha mtambo mzima wa kuendeshea programu, mfagiaji akajifunza kufagia huku ngoma ikipigwa. Kwa hiyo mtu anayewaambia leo kwamba Android kwa asili yake hukwama, anawasimulia habari za zaidi ya miaka kumi iliyopita. Kwenye namba za kioo Android ndiyo iliyotangulia: Razer walitoa simu ya Hz 120 mwaka 2017, na iPhone ya kwanza kufika hapo ni 13 Pro ya mwaka 2021.

Kuna wa tatu aliyesahaulika, naomba dakika moja nimkumbuke. Windows Phone, mfumo wa Microsoft! Nani humu alikuwa na simu yake, Lumia 520? Mikono mitatu, minne, sawa. RAM yake, kumbukumbu ya kufanyia kazi, ilikuwa MB 512, na ilikuwa inateleza kuliko simu zilizoizidi bei mara mbili. Ikafa kwa kukosa programu. Nawaambia hivi ili mjue ulaini peke yake haumlishi mtu.

Turudi. Ikiwa mifumo imekaribiana, mbona anayehama bado anahisi tofauti kubwa hivyo? Kwa sababu hajalinganisha mifumo. Ametoka kwenye simu ya laki mbili na nusu, yenye miaka mitatu, iliyojaa video za harusi na picha za "habari za asubuhi" kutoka makundi ya WhatsApp, akaenda kwenye simu ya milioni na ushee ikiwa tupu. Angehama kutoka Android kwenda Android ya bei hiyohiyo, angeona muujiza uleule.

Na hapa niseme jambo ambalo wauzaji hawaligusi: hifadhi. Watu wanauliza RAM, wanauliza kamera, hakuna anayeuliza hifadhi ni ya aina gani. Simu nyingi za bei ya chini zinatumia eMMC. Hiyo ni barabara ya gari moja: wakati inaandika haisomi, wakati inasoma haiandiki. Simu za juu za Android zinatumia UFS, yenye njia ya kwenda na ya kurudi, na iPhone tangu 6s ya mwaka 2015 inatumia NVMe, jamii ya hifadhi ya kompyuta. Sasa WhatsApp inashusha video kumi za kikundi, na wewe unataka kufungua M-Pesa dukani huku foleni nyuma yako inanuna. Kwenye barabara ya gari moja, lazima mmoja asimame. Halafu hifadhi ikikaribia kujaa, simu inabidi ifute kwanza ndipo iandike, na mwendo unazidi kuwa wa konokono. Ile Android yangu ya kwanza, iliyonigombanisha na mama mkwe, ilibakiwa na nafasi isiyofika GB moja. Nilikuja kuligundua hilo nilipokuwa naifuta nimpe mdogo wangu. Baada ya kufutwa, ilipokea simu bila shida.

Msiamini sana alama za majaribio ya kasi. Mwaka 2013 ilibainika kwamba Galaxy S4 ilikuwa inatambua programu za majaribio na kukimbia zaidi kwa ajili yake tu. Mwaka 2022 Geekbench, wenye programu ya kupima kasi, wakaziondoa simu za Galaxy S22 kwenye orodha yao, kwa sababu programu za kawaida zilikuwa zinapunguziwa kasi na zile za majaribio zinaachwa zitambe. Na mashabiki wa iPhone msicheke, mwaka 2017 Apple walikiri kwamba simu zenye betri lililochoka zilikuwa zinapunguzwa mwendo ili zisizimike ghafla. Wakashusha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi 29. Kwa mnunuzi wa simu ya mkono wa pili, na wengi wetu ndio hao, hilo lina faida: ingia kwenye mipangilio ya betri uangalie afya yake kabla hujatoa hela. Betri likiwa limechoka, huenda unachokiita uzito wa mfumo ni uzito wa betri.

Joto nalo. Apple wenyewe wanasema simu yao itumike kwenye nyuzi 0 hadi 35. Iweke kwenye dashibodi ya gari Dar es Salaam mwezi wa pili, ikuonyeshe ramani huku inachajiwa. Simu yoyote, ya mfumo wowote, itajipunguza kasi. Hiyo ni kujiokoa, si ubovu.

Halafu wiki ya kwanza usiihukumu simu. Ukishahamisha vitu, iPhone inakesha inapanga na kutambua picha zako. Android inasubiri ikiwa kwenye chaji na haitumiki, kisha inazitayarisha upya zile programu unazozipenda ili zifunguke haraka. Kazi hiyo inafanyika usiku. Anayechaji kibandani kwa dakika arobaini huku anajibu meseji, simu yake haipati usiku huo. Iacheni ilale kwenye chaji siku kadhaa, ndipo mlinganishe.

Ndiyo, dada pale, uliza. Anauliza kama RAM ya GB 8 inaleta ulaini. Dada yangu, RAM ni meza. Meza kubwa inakuwezesha kuacha vyungu vingi juu yake, kwa hiyo ukirudi kwenye programu uliyoiacha unaikuta ilipokuwa, haianzi upya. Lakini haikufanyi ukate kitunguu haraka. iPhone inaishi na meza ndogo kwa sababu inazilaza programu zilizo nyuma, Android inaziruhusu zaidi kufanya kazi. Na ile "RAM ya nyongeza" wanayotangaza, GB 4 za bure, imekatwa kwenye hifadhi yako. Kwenye simu ya eMMC, mimi naizima.

Mzee wangu pale mbele amenipa simu yake, Android, anasema inachelewa kufungua kila kitu. Naomba ruhusa yako, mzee. Nafungua mipangilio, naenda kwenye nambari ya muundo, naigonga mara saba. Sasa imefunguka menyu ya wasanidi programu. Hapa kuna mistari mitatu ya uhuishaji, yote iko kwenye 1x. Naishusha hadi 0.5x. Prosesa haijaongezeka nguvu hata chembe, nimefupisha tu ile michezo ya dirisha kufunguka na kufungwa. Shika, jaribu. Anacheka! Kwenye iPhone huwezi kuchagua kiwango namna hiyo, unaweza kupunguza mijongeo tu, na hilo ndilo linalowaudhi wanaotoka Android: simu haikwami, ila inakungojesha kwa adabu.

Mzee, una picha elfu sita humu. Zile za "Ijumaa Karim" unaruhusu nizifute? Hapana? Basi tuzihamishie kwenye kadi. Fundi, una kadi ya GB 32 hapo? Nyie wengine endeleeni kuuliza wakati zinahama, na aliye karibu na dirisha aangalie kama jenereta bado...