Mzungu Akikutakia Bahati, Isome Tena Hiyo Barua

Haya wadau, habari za huko nyumbani. Huku Leeds ni mvua tu, kwa hiyo leo narekodia jikoni. Mkisikia kitu kinapuliza, ni maharage yangu, msijali.

Kuna kijana kanitumia picha ya barua pepe. Aliomba kazi huku Uingereza, wakamjibu kwa heshima zote, na mwishoni: "We wish you the best of luck." Ananiuliza, "Dada, wamenitakia bahati njema, nianze kushughulikia pasipoti?" Mdogo wangu, umenyimwa. Anayetaka kukuajiri hakutakii bahati, anakuambia lete vyeti na unaweza kuanza lini. Bahati utatakiwa wakikuaga. Tuma maombi kwingine, leo hii hii.

Maneno haya yanawachanganya watu kuliko hata lafudhi. Shuleni tulifundishwa "chance" ni nafasi, "luck" ni bahati, tukawekewa vyema zetu, yakaisha. Huku mtaani mara nyingi hakuna habari ya bahati kabisa. Mwingereza hapendi kukuamuru waziwazi wala kukukatalia usoni, basi analipitisha neno lake kwenye bahati.

Mimi nafanya kazi kwenye kituo cha kutunza wazee. Msimamizi wa zamu anakuja, kikombe cha chai mkononi, kichwa kakiinamisha upande: "Any chance you could do Saturday?" Unaona kama anakubembeleza, eti kuna uwezekano? Jamani, jina lako keshaliandika kwenye ratiba kwa penseli! Kama huwezi, sema huwezi, na sema palepale. Ukimjibu "labda", kama tunavyojibu kwetu ili tusimuudhi mtu, Jumamosi saa moja asubuhi simu inaita uko wapi.

Mwenzetu mmoja kutoka Lubumbashi aliomba likizo wiki ya Krismasi. Akaambiwa, "You'll be lucky!", yaani neno kwa neno, utabahatika. Alirudi chumba cha chai meno yote nje, keshafungua simu anatafuta tiketi za ndege. Ikabidi mama mmoja wa Kijamaika amkalishe chini amweleze kwamba hiyo maana yake ni sahau. Na usimcheke, maana maneno yenyewe ni ya ahadi kabisa, ubaya wote umekaa kwenye sauti. "Good luck with that" nayo ni ndugu yake: mtu kasikia mpango wako na haoni kama utafika popote. Halafu kuna "slim chance" na "fat chance". Moja nyembamba, moja nene, na zote zinakuambia usitegemee. Ile nyembamba walau inakuachia tundu la sindano. Ile nene ni kejeli tupu.

Wazee ndio raha kuwasikiliza. Bibi anakuambia mwanawe atakuja Jumapili, "with any luck", pale pale ambapo mama yangu angesema Mungu akijalia. Akikuambia hajaanguka tangu mwaka jana, hapo hapo anasema "touch wood", yaani gusa mti, na kugonga meza, asijitabirie mabaya. Marekani wao husema "knock on wood". Sasa meza zetu za chakula pale ni za plastiki. Bibi akikumbuka hilo, anajigonga kichwani mwake mwenyewe, kwamba kichwa chake ndilo gogo, meza nzima inacheka. Kwetu pwani ungesikia mashallah, husuda isimpate.

Na kwa kuwa tumegusa bahati, niseme na hili. Zile jumbe za "umeshinda bahati nasibu ya Uingereza, tuma ada tukutolee pesa zako", futa. Mchezo mkuu wa National Lottery ulipoongezewa namba mwaka 2015 zikawa 59, uwezekano wa kupata zote sita ukawa mmoja kati ya kama milioni 45. Huyo ni mtu aliyenunua tiketi! Wewe uko Singida, hujanunua chochote, umeshindaje?

Neno moja ambalo vijana wa mikeka mnalijua kuliko mimi ni "odds", yaani uwezekano wa jambo kutokea unavyopimwa kwenye kubeti. Huku limetoka kwenye kubeti likaingia sebuleni. Mtu anauliza "what are the odds?" kwa sababu tu kakutana na jirani yake dukani. Wakitaka kukuonyesha uzito wa neno hilo watakutajia timu ya mpira ya Leicester City. Msimu wa 2015/16 ulipoanza, kuna kampuni za kubeti ziliwapa 5000 kwa 1 kuchukua ubingwa wa ligi kuu ya Uingereza. Pauni moja kwa elfu tano. Kocha wao, Ranieri, akaubeba. Ila kuna waliokuwa na mkeka huo mkononi wakaingiwa na hofu, wakaurudisha kwa kampuni kabla ligi haijaisha, wakachukua kidogo walichopewa. Hao ukiwataja baa huku, watu wanatikisa kichwa: "hard luck". Pole ya Kiingereza hiyo, fupi, kisha mazungumzo yanahamia kwenye hali ya hewa.

Sasa wale mnaonifuata inboksi kila Ijumaa niwape mkeka wa uhakika, eti kwa kuwa naishi karibu na viwanja: fat chance. Nayaepua maharage.