Mwacheni Mtoto Ashike Bisibisi

Mhadhara kwa wazazi na walimu, Malindi

Assalamu alaikum, na nyote hamjambo. Wazee wangu mlioketi mbele, kina mama, walimu wenzangu, na nyinyi vijana mliojaa mlangoni, karibuni. Nimekuja kuzungumzia namna mtoto anavyojifunza uhandisi: kwa kuunda vitu kwa mikono yake.

Nianze na Ngomeni, kijiji cha pwani kaskazini mwa Malindi yetu. Tarehe 26 Aprili 1967 Waitaliano walirusha setilaiti kutoka jukwaa la San Marco, lililosimamishwa baharini katika Ghuba ya Ungwana. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru, jukwaa hilohilo likarusha setilaiti ya Marekani iliyopewa jina letu, Uhuru. Ndiyo ya kwanza duniani kuundwa kwa kazi ya kuchunguza eksirei zinazotoka angani. Na kwa nini hapa kwetu? Kwa sababu tuko jirani na ikweta. Dunia inapozunguka, ardhi ya ikweta hukimbia kuelekea mashariki kwa karibu kilomita 1,670 kwa saa, na roketi ikirushwa hapa huondoka tayari ina kasi hiyo, haikuichomea mafuta.

Roketi ya mwisho ilirushwa jukwaani mwaka 1988. Waliokuwapo watakusimulia moshi na mngurumo. Lakini waulize ilipaaje, na kwa nini ilielekezwa mashariki. Wengi watakwambia sisi tulikuwa watazamaji tu. Hilo ndilo lililonileta mbele yenu leo. Mtoto hawi mhandisi kwa kutazama, hata angetazamishwa roketi kila mwezi. Huwa mhandisi siku anapounda kitu kikakataa kwenda, na yeye mwenyewe akatafuta kwa nini.

Siku hizi hatuhitaji jukwaa la chuma. Setilaiti ya kwanza ya Kenya, iliyoachiwa angani mwaka 2018, iliundwa na Chuo Kikuu cha Nairobi kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Sapienza cha Roma. Kilikuwa kijisanduku cha sentimita 10 kila upande. Kingeenea viganjani mwa mtoto.

Sasa sogeeni mlione gari hili. Chini ni kipande cha ubao. Mota mbili zimetolewa kwenye vigari vya kuchezea vilivyoharibika, kila moja na gurudumu lake. Mbele kuna vihisi mwanga viwili, kama macho. Kihisi hiki kikiwa gizani, ukinzani wake ni mkubwa, umeme haupiti kwa urahisi. Kikimulikwa, ukinzani hushuka, umeme ukapita. Umeme wenyewe huwa mdogo, kwa hiyo huongoza transista, kifaa kidogo kinachofanya kazi kama swichi, na transista ndiyo inayofungulia mota. Kihisi cha kushoto kimeunganishwa na mota ya kulia, na cha kulia na mota ya kushoto. Nikiimulika tochi upande wa kushoto, mota ya kulia inakwenda mbio zaidi, na gari, mnaliona, linageuka kushoto kuufuata mwanga. Nikizirudisha waya zisipishane, litaukimbia. Hamna kompyuta humu, hamna programu. Grey Walter, mtaalamu wa ubongo kule Bristol, Uingereza, aliunda viroboti vya namna hii mwishoni mwa miaka ya 1940, vikiufuata mwanga, na watu wazima wakastaajabu kuona mashine inafanya mambo kama kiumbe.

Gari hili limeundwa na watoto wa gredi ya sita, na mara ya kwanza kuwashwa halikufanya haya mliyoyaona. Kila likiwashwa lilikwenda kulia tu, mwanga uwe wapi. Naomba mnisikilize vizuri hapa, maana somo lote liko hapa.

Jibu la kwanza la watoto lilikuwa lile la siku zote: betri zimekwisha. Nikawauliza, mota zote mbili zinakula betri moja, mbona ya kushoto inazunguka vizuri? Wakanyamaza. Binti mmoja akasema basi mota ya kulia ni mbovu. Nikamwambia thibitisha. Akafikiri, akazifungua mota zote mbili na kuzibadilisha, ya kulia akaiweka kushoto na ya kushoto akaiweka kulia, na kitu kingine chochote hakukigusa. Mnaona alichokifanya? Kama mota ndiyo mbovu, ubovu utahama nayo, na sasa gari lingekwenda kushoto. Likawashwa. Likaenda kulia tena.

Basi mota haina kosa. Wakabadilisha vihisi kwa njia ileile, likaenda kulia. Vihisi navyo havina kosa. Zikabaki transista, waya na maungio. Wakafuata waya moja baada ya nyingine kwa kidole, mpaka binti yule akafika pale waya wa mota ya kulia unapobanwa na skrubu. Ncha ya shaba ilikuwa imeota kutu ya kijani. Wakaisugua kwa msasa mpaka ikang'aa, wakaibana upya, na gari likashika njia.

Mimi mikono yangu ilikuwa nyuma muda wote ule. Ni kazi ngumu kwa mwalimu, maana kutu ile ungeweza kuiona mapema ukamaliza kila kitu kwa dakika moja. Lakini ungekuwa umeliponya gari na kumnyang'anya mtoto elimu. Kubadilisha kitu kimoja tu na kuacha vingine vyote kama vilivyo, kisha kuangalia kilichotokea: hiyo ndiyo sayansi, iwe maabara kubwa ya Ulaya au darasa la Malindi. Na waliporudi wiki iliyofuata wakiuliza kwa nini kutu ile ni ya kijani na si nyekundu kama ya msumari, tukaingia kemia, chumvi ya upepo wa bahari, unyevu, shaba na chuma. Hakuna aliyewalazimisha kuuliza.

Kuhusu programu nitasema machache, kwa kuwa wengi wanadhani ndiko kwa kuanzia. Seymour Papert, aliyezaliwa Pretoria mwaka 1928, alifanya kazi kule Geneva na Jean Piaget, mtaalamu wa namna watoto wanavyofikiri, kabla ya kuhamia MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Marekani. Mwaka 1967 yeye na wenzake walitoa Logo, lugha ya kompyuta ya watoto, na baadaye wakaiunganisha na roboti iliyotambaa sakafuni ikichora kwa kalamu. Waliiita kasa, mnyama ambaye watoto wetu wanamjua vizuri kuliko watoto wa huko. Sisi huanza mchangani bila kompyuta. Mtoto mmoja huwa kasa, mwenzake humwamuru. Mraba hauwasumbui: nenda hatua tano, geuka digrii 90, mara nne. Pembetatu ya pande sawa ndiyo inayowashinda. Wamefundishwa pembe zake ni digrii 60, basi wanaamuru 60, na kasa anapotelea kwenye ukuta. Kisha mmoja anaitembea mwenyewe polepole na kugundua kwamba kwenye kona hageuki 60, anageuka 120, kwa kuwa mwendo wake ulikuwa unaelekea nje. Mtoto aliyegeuka 120 kwa miguu yake hatakuja kusahau pembe ya nje ni nini.

Sasa nizungumze na sisi watu wazima, kwa mapenzi. Nimeingia shule moja nikaonyeshwa kabati la kioo, ndani mna seti za roboti za bei kubwa, bado zimo plastikini. Zinahofiwa kuvunjwa. Wanafunzi huziona wageni wakija. Na nimeona mashindano ambapo roboti imekuja inang'aa, lakini ukimuuliza mtoto waya huu unakwenda wapi, anamtazama mwalimu wake. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Hata nyumbani, tangu mtaala wa umilisi ulipokuja, twajua kazi nyingi za mikono hufanywa na mama au baba usiku, mtoto amelala. Tunafanya hivyo kwa huruma na kwa kuogopa alama, naelewa. Naomba tuache. Kazi iliyopinda ya mtoto ina thamani kuliko iliyonyooka ya baba yake.

Na wasichana. Ukiwaweka watoto wanne kwenye kikundi na kuwaachia, mara nyingi mvulana atashika bisibisi na msichana atapewa daftari, kwa sababu mwandiko wake ni mzuri. Mwisho wa muhula msichana amejifunza kuandika, mvulana amejifunza uhandisi. Kwetu bisibisi huzunguka kwa saa: kila dakika kumi inahamia mkono mwingine, na asiyekuwa na zamu haruhusiwi kugusa, ataeleza kwa mdomo tu. Aliyeipata kutu ile ni msichana, na aliipata kwa kuwa zamu ilikuwa yake.

Mzazi ana haki ya kuuliza usalama. Betri za kawaida za tochi zatosha. Ile ya mraba ya volti 9 haifai kwa mota. Ina volti nyingi lakini mkondo wake ni mdogo, mota ikianza tu volti zinaporomoka. Betri za litiamu zilizotolewa kwenye laputopu kuukuu mtoto asizichezee kabisa. Zikiguswa waya kwa waya hushika moto. Kulehemu kufanyike mlango na madirisha vikiwa wazi, mtu mzima akiwa hapo, na mikono ioshwe kabla ya kula, kwa sababu lehemu nyingi zina risasi, madini yenye sumu.

Ninachokiomba kwenu si pesa. Mwenye printa mbovu, redio iliyokufa, kigari cha mtoto kilichovunjika, asikitupe. Ndani mna mota, gia, springi na swichi, na kukifungua tu ni somo la siku nzima. Mafundi wa jua kali, nyinyi mnaotengeneza simu na feni hapa mjini, tupeni saa moja ya Jumamosi, baada ya adhuhuri, watoto wakishatoka madrasa. Njooni mtafute ubovu mbele yao, na mseme kwa sauti mnachokifikiri mkiutafuta, maana hilo vitabu vyetu haviandiki. Walimu wakuu, tunahitaji chumba chenye meza na ruhusa ya kuchafua.

Watoto walioliunda gari hili wamekaa safu ya pili. Maswali ya waya na mota waulizeni wao.