Kulijenga Upya Bwawa la Samaki la Uani

SHARIFA: Assalaamu alaykum, wasikilizaji wetu wa Unguja na Pemba. Leo tunalo suala la msikilizaji wa upande wa Wete, ambaye bwawa lake la samaki lililo nyuma ya nyumba, lenye urefu wa mita 8 na upana wa mita 6, limemshinda. Anasema maji yanashuka kila siku, samaki wanapanda juu alfajiri na kuhema, na perege wake wamedumaa wakiwa na ukubwa wa kiganja cha mtoto. Anataka kujua anunue dawa gani. Maalim Faki, utamjibu nini?

FAKI: Wa alaykumu ssalaam. Nitamjibu kwamba hakuna dawa anayoihitaji, Bi Sharifa. Ametaja matatizo matatu tofauti, na yote yanatokana na udongo, hewa ndani ya maji na wingi wa samaki. Asiongeze kifaranga hata mmoja mpaka bwawa limekauka na ameona kwa macho yake chini kuna nini.

SHARIFA: Lakini kulikausha ni kazi kubwa, na kaskazi hii hata karai la maji lililoachwa juani hupungua. Atajuaje kwamba bwawa linavuja kweli na si jua tu?

FAKI: Achukue ndoo, aitie jiwe zito, aiteremshe bwawani pahala penye kina kifupi, kisha aijaze mpaka maji ya ndani yalingane na ya nje. Atie alama pande zote mbili na arudi kesho yake saa ile ile. Katika nchi ya joto kama yetu jua huchukua kama nusu sentimita kwa siku, na litachukua sawasawa ndani na nje ya ndoo. Yale yatakayozidi kupungua nje ndiyo yaliyopita ardhini.

SHARIFA: Na mara nyingi yanapita wapi?

FAKI: Kwenye tuta. Watu hujenga tuta juu ya mizizi ya mnazi bila ya kuing'oa. Mizizi ikioza huacha mirija, na kaa huja kuipanua. Halafu mwenye bwawa huongeza udongo juu ya kingo, ilhali maji yanatokea chini. Inafaa alipasue tuta katikati kwa urefu wake, ateremke mpaka kwenye ardhi ngumu, atoe kila mzizi, kisha ajaze udongo wa mfinyanzi kwa matabaka ya sentimita 15 au 20, kila tabaka likirashiwa maji na kushindiliwa kabla ya kuweka jengine.

SHARIFA: Mimi ningemwambia atandike plastiki nzito ya mabwawa akalala usingizi wake.

FAKI: Ungemwambia mtu wa Micheweni au wa Makunduchi, ningekuunga mkono. Kwenye uwanda wa mawe ya matumbawe maji hayakai hata ushindilie vipi, kwa hiyo huko ni plastiki au saruji. Huyu wa kwetu, kwa alivyoeleza, yuko ukingoni mwa bonde la mpunga, na bonde linalokamata maji ya mpunga litakamata na ya samaki. Afinyange donge la udongo mbichi, alirushe juu na kulidaka. Likibaki donge, udongo unafaa, na likivunjika, akatafute mwengine.

SHARIFA: Ninakubali kwa bonde, ingawa panya na kenge hawataniunga mkono kwa plastiki wala wewe kwa udongo, maana wao hutoboa vyote. Tuje kwenye kuhema kwa alfajiri, maana hilo ndilo linalowatia watu hofu ya maradhi.

FAKI: Samaki mgonjwa hahemi alfajiri akapona saa tatu asubuhi. Wakipona jua likipanda, hapo tatizo ni hewa. Mimea midogo ya kijani inayoelea majini hutoa oksijeni mchana kwa nguvu ya jua, na usiku nayo huivuta pamoja na samaki, na pamoja na uchafu unaooza chini, kwa hiyo kiwango huwa cha chini kabisa karibu na mapambazuko. Tena maji ya moto hubeba hewa kidogo: yakiwa na nyuzi 25 hushika takriban miligramu 8 kwa lita, na yakifika nyuzi 30 hushika takriban saba na nusu tu. Aingize mkono majini polepole. Kiganja kikipotea machoni kabla maji hayajafika kwenye kiwiko, ukijani umezidi na pumba zipunguzwe.

SHARIFA: Pumba, machicha ya nazi, wali uliolala. Bwawa la uani ndilo linalopokea masalio yote ya jikoni.

FAKI: Na ndiyo maana chini pana tope jeusi linalonuka kama yai bovu. Maji yakishatoka, aliache bwawa wiki mbili mpaka sakafu ipasuke, kisha alichote tope lile kwa beleshi na kulipeleka kwenye migomba, ambako litafaa sana. Ila asiingie pekupeku. Kichocho kipo katika visiwa vyetu, na konokono wanaokibeba wanapenda maji yaliyotulia yenye majani, kwa hiyo avae mabuti wakati maji yapo, na majani ya ukingoni ayafyeke.

SHARIFA: Chokaa je? Kila mtu husema mwaga chokaa, na tanuri za chokaa hapa hazijakosekana tangu enzi za majumba ya mawe.

FAKI: Hapo ndipo samaki wengi wanapouliwa kwa nia njema. Jiwe la matumbawe lililosagwa tu ni chokaa ya shamba. Ni pole, na huondoa uchachu wa udongo taratibu. Jiwe hilo hilo likishachomwa tanurini na kuzimwa kwa maji linakuwa kitu chengine, kikali cha kubabua ngozi, na ukikitia kwenye maji yenye samaki watakufa mchana ule ule. Hicho cha tanuri kinatumika kwenye sakafu tupu yenye unyevu, kilo 10 hadi 15 kwa kila mita 100 za mraba, ili kuua mayai ya wadudu na samaki waliobaki kwenye vidimbwi. Kwa bwawa lake la mita za mraba 48 ni kilo tano hadi saba basi, na baada ya hapo asubiri wiki mbili ndipo atie vifaranga. Wa Micheweni hana haja nayo kwa kurekebisha udongo, kwani ardhi yake yenyewe ni chokaa.

SHARIFA: Limebaki la perege kudumaa. Yeye anashuku mbegu mbaya.

FAKI: Mbegu si mbaya, imezidi. Perege huanza kuzaa akiwa na miezi miwili au mitatu, na wakichanganyika majike na madume bwawa hujaa watoto wanaogombania chakula kile kile. Tena perege wa Zanzibar ana historia katika jambo hili: mwishoni mwa miaka ya 1950, huko Malacca, katika Malaysia ya leo, watafiti walimpandisha dume wake kwa jike wa perege wa Msumbiji, wakapata vifaranga madume watupu. Leo vituo vingi vya kuzalisha vifaranga hupata madume kwa njia nyengine, na mfugaji anaweza kuwauliza kabla ya kununua.

SHARIFA: Na asipopata madume?

FAKI: Aweke kambale wachache wadogo kuliko perege alionao, nao watakula vizazi vipya. Wakiwa wakubwa watakula na wazazi.

SHARIFA: Basi tumfanyie hesabu. Mita za mraba 48, kina cha mita moja na zaidi, hana mashine ya hewa. Alitia wangapi mwanzo? Anasema mia tano.

FAKI: Wawili kwa kila mita ya mraba wanatosha, yaani wasiozidi mia moja. Kwanza awafungie watano katika kapu la wavu ndani ya bwawa kwa siku mbili. Wakiwa wazima, alete waliobaki wakati wa magharibi, mfuko uelee juu ya maji robo saa ili joto lilingane, kisha aufungue na kuwaacha watoke wenyewe.