Manifoldi ya turbo kwa mikono yetu: ya kwanza ilipasuka, hii ndiyo ya pili

Habari zenu, mafundi wenzangu. Kabla sijawasha mashine yoyote, tazameni hiki kwanza. Sogeza kamera, ndugu yangu. Zaidi. Hapo hapo. Mnauona huo ufa? Umeanzia pembeni mwa uchomeleo, ukalizunguka bomba karibu nusu. Nikipitisha ukucha, unaingia.

Hii ndiyo manifoldi yetu ya kwanza, yaani mabomba yanayokusanya moshi wa injini na kuupeleka kwenye turbo, ile feni inayozungushwa na moshi ili kuisukumia injini hewa. Tuliichomelea kwa mashine ya kuazima na jeuri nyingi. Ilidumu wiki tatu. Kwa nje ilipendeza kweli, kila aliyeiona alisifu uchomeleo, na uchomeleo wenyewe haukuwa na shida. Shida ni kwamba tuliibana kila upande, ikipata joto ikakosa pa kurefukia, halafu tukaitundikia turbo ya karibu kilo 10 pamoja na bomba zima la ekzosi. Ikachoka, ikapasuka.

Leo tunaunda ya pili. Injini ni ya silinda 4 za mstari, tunalenga nguvu za farasi 500. Mimi na huyu anayeshika kamera hatujakaa darasa lolote la ufundi, tumejifunza kwa kuharibu vyuma. Kwa hiyo mtaona na yale tuliyoharibu.

Tunaanza na flenji, yaani bapa linalokaa kwenye hedi, kile kichwa cha injini. Chukua gasketi mpya ya ekzosi, ilaze juu ya bapa la chuma cha kawaida lenye unene wa milimita 12, chora matundu yote. Usitumie gasketi ya zamani, imeshalika kingo na itakudanganya. Toboa, kisha malizia kwa tupa ya duara mpaka tundu lilingane na mlango wa moshi wa hedi.

Kwa nini chuma cha kawaida wakati mabomba ni ya stenlesi, chuma kisichoshika kutu kirahisi? Hapa tutulie kidogo, maana ndipo tulipoumia. Flenji yetu ina urefu wa milimita 400. Ikipanda joto kwa nyuzi 500, ya stenlesi inarefuka kwa takriban milimita 3.4. Ya chuma cha kawaida inarefuka 2.4. Hedi ya alumini nyuma yake inapozwa na maji muda wote, hairefuki hata milimita moja. Sasa flenji inataka kwenda, hedi haitaki, na stadi, zile boliti zisizo na kichwa zinazoishikilia flenji kwenye hedi, zimesimama katikati kama waamuzi. Lazima kitu kimoja kishindwe.

Kwa hiyo tunafanya mambo mawili. Matundu ya stadi za katikati tunayaacha ya kubana, milimita 10.5 kwa stadi ya 10. Kadiri unavyoelekea mwisho wa flenji, yapanue, ya mwisho kabisa yawe marefu kidogo kwa upande, ili flenji iteleze chini ya wosha. Pili, kazi yote ikiisha tutaikata flenji kati ya mlango na mlango. Ikatwe mwishoni, si sasa. Ukiikata sasa, vipande vitacheza wakati wa kuchomelea.

Tukiwa tumemaliza flenji, twende kwenye mabomba. Haya ni ya stenlesi 304, kipenyo cha nje milimita 48.3, unene wa ukuta 2.77. Msije na bomba jembamba la ekzosi la milimita 1.5 hapa. Moshi wa injini ya petroli yenye turbo unafika nyuzi 900, na bomba hilo ndilo linalobeba turbo. Tumenunua kona za digrii 90 na vipande vichache vilivyonyooka. Basi.

Sasa, kona haikatwi popote unapotaka. Ukiikata ovyo, mdomo unatoka yai badala ya duara, na yai halikai juu ya duara. Fanya hivi. Laza kona juu ya ubao. Chora mstari kufuata mdomo wa huku, chora mwingine kufuata mdomo wa kule. Iondoe, endeleza mistari mpaka ikutane. Pale ilipokutana ndipo kitovu cha mpindo. Ukitaka kipande cha digrii 35, pima 35 kutoka kitovuni, chora mstari, rudisha kona mahali pake, weka alama ndani na nje. Kila mkato unaoelekea kitovuni utatoka duara.

Na kuna zawadi humo. Kona hizi ndefu za kipimo hiki zina nusu kipenyo cha mpindo cha milimita 57. Piga hesabu: digrii 1 ya mpindo ni karibu milimita 1 ya urefu katikati ya bomba. Kwa hiyo nikitaka mabomba yote manne yalingane urefu, najumlisha digrii za kona zake na milimita za vipande vilivyonyooka. Bomba la kwanza: 90, 45, na kipande cha 60, jumla 195. La pili nalitafutia 195 nyingine kwa njia yake. Tuligundua hili tukiwa tumeshahangaika na uzi na rula siku mbili nzima.

Kata kwa grenda yenye diski nyembamba ya milimita 1, ambayo haijawahi kugusa chuma cha kawaida, la sivyo stenlesi yako itaota madoa ya kutu. Sawazisha mdomo kwa tupa. Unganisha vipande viwili, vinyanyue kuelekea taa. Ukiona mwanga unapenya, rudi kwenye tupa. Sisi hatujazi mianya kwa waya wa kuchomelea, maana mwanya uliojazwa unavuta bomba upande wake likipoa.

Kupanga njia ya mabomba ndiyo kazi iliyotula muda mwingi kuliko zote. Turbo iko mahali pake, imeshikwa na fremu ya muda ya vyuma chakavu. Angalia tundu la kutolea oili: lazima litazame chini, kwa sababu oili inarudi kwenye sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, kwa uzito wake tu. Ukilaza turbo, oili itarudi nyuma, ipite kwenye sili, vile vizuizi vya oili, na utaona moshi wa bluu. Angalia pia kama spana inaingia kwenye kila nati. Ile ya kwanza ilikuwa na nati moja ambayo tulilazimika kutengeneza spana yake.

Westigeti, ile valvu ya kupunguza moshi unaokwenda kwenye turbo, ikae pale moshi unapopenda kwenda wenyewe. Bomba lake litoke kwa mshazari, likifuata mkondo. Ukiliweka ili moshi ugeuke kurudi nyuma, hautageuka, na presha itapanda kupita uliyoipanga hata valvu ikiwa wazi kabisa. Pale mabomba manne yanapokutana tumenunua kipande kilichounganishwa tayari. Sioni aibu, kipande hicho kitakula siku zako.

Gari likiwa na betri iliyotolewa waya, shikiza kila kiungo kwa vidoti vitatu au vinne vya uchomeleo, kisha vua kitu kizima. Kamwe usichomelee kwenye gari huku kompyuta ya injini imeunganishwa.

Flenji tunaifunga kwa boliti zote kwenye hedi ya zamani iliyokufa. Sasa vaa. Kofia ya kuchomelea, glovu, shati la mikono mirefu lililofungwa mpaka shingoni. Fungua milango, moshi wa stenlesi una kromiamu mbaya kwa mapafu. Na lingine, nalisema polepole: kusafisha vyuma tumia asetoni, uiache ikauke kabisa. Usitumie dawa ya kupuliza ya kusafishia breki. Nyingine zina klorini, na zikikutana na mwale wa kuchomelea zinatoa gesi inayoua.

Mashine ya argoni, mkondo wa moja kwa moja, tochi upande wa hasi, kati ya ampea 80 na 100. Gesi lita 8 hadi 10 kwa dakika. Stenlesi kwa stenlesi, waya 308L. Stenlesi kwa flenji ya chuma cha kawaida, waya 309L.

Ziba midomo ya mabomba kwa utepe wa alumini, ingiza argoni na ndani pia, acha kitundu kidogo upande wa pili hewa itoke. Usiruke hatua hii. Angalieni ndani ya ile ya zamani, hatukuweka gesi. Mnaona ukoko mweusi wenye vinundu? Ukidondoka, unakwenda moja kwa moja kwenye feni ya turbo inayozunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Argoni ni nzito kuliko hewa, inatulia chini, kwa hiyo usifanye kazi hii ukiwa kwenye shimo la gereji.

Chomelea sentimita 2 au 3, hamia bomba lingine, rudi upande wa pili. Rangi ikitoka ya nyasi kavu au bluu nyepesi, sawa. Ikiwa kijivu, unapitiliza moto.

Kisha iache ipoe ikiwa bado imefungwa. Ile ya kwanza tuliifungua ya moto kwa sababu tulitaka kuiona, nayo ikajikunja mbele yetu, milimita 2 katikati. Ikipoa, weka rula ya chuma usoni mwa flenji. Jani la fila, kile kibati chembamba cha kupimia mwanya, la milimita 0.1 likipita, peleka kwenye mashine ya kusawazishia hedi. Sasa ndiyo ukate flenji kati ya milango.

Turbo tunaiwekea mkono wa kuibeba. Mkono huu ufungwe kwenye bloku ya injini, usiufunge kwenye bodi ya gari, maana injini inatikisika na bodi inatulia. Tundu lake la juu liwe refu, libebe uzito bila kuzuia manifoldi kurefuka.

Imeshafungwa. Puliza hewa ya presha ndogo kupitia tundu la sensa, paka maji ya sabuni kwenye kila kiungo. Povu hakuna... hapa kidogo... hapana, ni maji tu yanatiririka. Zungusha injini bila kuwasha mpaka oili ifike kwenye turbo, kisha washa. Dakika 10, bila kukanyaga mafuta.

Zima. Iache mpaka uweze kuishika kwa mkono mtupu, ndipo ukaze nati tena. Sisi tumeirudia leo asubuhi baada ya kuwasha mara tatu: kati ya nati 9, nne zilikubali robo mzunguko.